Vimeundwa na Nani?

Nimechoshwa na gereji za kwenye hadithi zetu.

Ndugu zangu waandishi chipukizi, hebu tuambizane ukweli bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Okoteni hadithi zozote kumi za vijana wa rika letu, mzisome kwa mpigo. Nina hakika mtakutana naye: kijana aliyefeli kidato cha nne. Baba kanuna, mama kalia, mjomba kakata shauri: "Basi huyu apelekwe gereji." Ukurasa wa tatu kijana yuko gereji, ovaroli imekolea oili chafu. Ukurasa wa tano anafundishwa bangi. Wa saba anang'oa kioo cha pembeni cha gari la tajiri, na wa nane yuko lupango, analia na kujutia elimu. Hadithi imekwisha. Funzo: someni, wanangu.

Swali langu ni dogo. Katika kurasa zote hizo nane, kijana huyo alitengeneza nini? Alishika nyundo ya namna gani? Gari lililoingia limebonyea lilitokaje limenyooka? Mwandishi hasemi. Hasemi kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu hajawahi kudhani kwamba pale kuna kitu cha kujua. Kwake yeye gereji ni adhabu, kama jela ndogo ya kumwandaa mtu kwenda jela kubwa.

Mimi nasema dharau hiyo haiishii kwenye karatasi. Inawanyima watu mkate. Inawaumiza mapafu. Na inakifanya Kiswahili kionekane bubu mbele ya chuma, wakati lugha hiyo hiyo inazungumza na chuma toka asubuhi mpaka jua kuzama, katika kila uchochoro wenye nyundo. Nitaeleza kwa mfano mmoja tu, wa madigadi ya gari kuukuu, kwa sababu huo naujua kwa mikono yangu.

Kwa msomaji asiyepajua, Kibirizi ni ufukwe wa Ziwa Tanganyika ulio kaskazini tu mwa mji wa Kigoma. Maboti ya abiria yanayokwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo mpaka Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, yanaondokea hapo. Usiku ukisimama ufukweni unaona karabai za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Asubuhi dagaa wanaanikwa, wanajazwa viroba, wanapakiwa. Hapo ndipo magari yanapoingia. Gari la mwaloni halizeeki kama gari la mjini. Linabeba mzigo mbichi unaochuruzika maji, linapita kwenye tope na mchanga, na tope hilo linajificha nyuma ya madigadi, linakaa na unyevu wake, linakula bati polepole kutoka ndani. Nje unaona rangi inang'aa. Ndani mchwa wa kutu wamekwisha fanya sherehe.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu. Nikaenda kwa fundi mmoja wa bodi, nikamwomba anipokee niwe saidia fundi. Shangazi aliuliza kama nimerogwa. Washikaji kijiweni wakacheka, "Msomi kazama gereji!" Fundi mwenyewe hakucheka wala hakuuliza cheti. Alinitazama mikono, akasema, "Kesho njoo na nguo utakayoisahau."

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Land Cruiser ya pikapu, ile ambayo sisi tunaiita mkonga, ya mfanyabiashara wa dagaa. Dereva aliibamiza kwenye mwembe, madigadi ya kushoto ikaingia ndani kiasi cha kugusa tairi. Mimi nilidhani ufundi ni nguvu. Mtu yeyote akiona bonde kwenye bati, mawazo yake ya kwanza ni hayo: lililoingia ndani lipigwe kutoka ndani, litoke nje. Fundi aliniketisha chini, mbele ya gari, kwa muda wa kunywa chai nzima, bila kugusa kitu. "Soma kwanza ajali," akaniambia. "Ilianzia wapi? Ikaishia wapi?"

Msomaji, hili neno "soma" sikulitia mimi. Ni lake.

Na ajali ilisomeka. Mwembe uligusa kwanza karibu na taa, bati likasukumwa kwenda nyuma, likakunjika mkunjo mmoja mkali karibu na mlango, likasimama. Kwa hiyo mkunjo wa mwisho kuingia ulikuwa ule wa karibu na mlango, na huo ndio wa kwanza kutolewa. Ukianza kwenye bonde kubwa la mbele, ambalo ndilo linalokukera macho, unapigana na bati ambalo bado limefungwa na mkunjo wa nyuma. Utapiga mpaka Idi, halirudi. Anza na la mwisho, mengine yanalegea yenyewe.

Somo la pili lilikuwa la kipande cha chuma cha kushika mkononi. Chetu kilikuwa kipande cha reli kuukuu kilichosuguliwa mpaka kikawa laini kama jiwe la mtoni. Mkono mmoja unashika chuma hicho nyuma ya bati, mkono wa pili unashika nyundo mbele. Kuna njia mbili za kufanya kazi, na tofauti yake ni nusu ya ufundi wote. Ukiweka chuma nyuma ya pale pale unapopiga, bati linabanwa katikati, linanyooka, lakini pia linafinywa na kutanuka. Ukiweka chuma nyuma ya bonde huku nyundo ikigonga kilima kilicho kando ya bonde hilo, kilima kinashuka na bonde linapanda, na bati halitanuki ovyo. "Usilipige bonde, mwanangu," alikuwa akisema. "Bonde halina kosa. Kosa liko kwenye kilima." Mapigo yawe mepesi na mengi. Nyundo idunde yenyewe, kiwiko kisikaze.

Kwa nini? Kwa sababu bati likikunjwa baridi linakomaa. Pale penye mkunjo pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Ukitumia nguvu, sehemu ngumu inakaa vile vile, sehemu laini ya jirani ndiyo inayotanuka. Bati linakuwa kubwa kuliko nafasi yake, halina pa kwenda, linaanza kubonyea na kurudi kila ukiligusa, pwa, pwa, kama kitako cha debe tupu. Hapo wengi huita puti, wakafukia, wakapaka rangi, wakachukua hela. Yetu ilikuwa na sehemu moja ya namna hiyo, kwa sababu mwembe wenyewe ulikwisha livuta bati. Fundi aliwasha gesi, akachemsha doa dogo la ukubwa wa sarafu mpaka likawa jekundu, akagonga kulizunguka haraka haraka, kisha akalizima kwa kitambaa chenye maji. Tssss. Bati likajikusanya. Moto ulitaka kulitanua lile doa, lakini bati baridi la pembeni likalizuia, kwa hiyo likanenepa badala ya kupanuka. Lilipopoa likajivuta na kuwavuta majirani zake. Doa moja, halafu jingine, halafu basi. Ukizidisha, unalikunja upya.

Tulipofika mwisho akanifunga kitambaa chembamba kiganjani na kunitaka nipapase. Rangi na mwanga hudanganya macho, lakini kiganja kinachoteleza taratibu juu ya kitambaa kinasikia kilima ambacho jicho haliwezi kukiona. Kisha tukapaka mkaa, tukapitisha tupa ndefu kwa wepesi. Penye kilima pakang'aa, penye bonde pakabaki peusi. Hapo hata mbishi anasadiki. Siku tatu zilipita hivyo. Puti tuliyotumia mwishoni ilikuwa nyembamba kama siagi kwenye mkate wa shuleni.

Sasa niambieni. Kusoma ajali kinyumenyume, kujua kwa nini chuma hukomaa, kutumia moto kupunguza ukubwa wa kitu badala ya kukikuza. Hiyo ni kazi ya aliyefeli? Nilisoma fizikia ya sekondari, nikajibu maswali ya kupanuka kwa metali, nikapata vema zangu. Hakuna aliyenionyesha kwamba kanuni ile ile inaweza kurudisha madigadi ya gari la dagaa mahali pake. Fundi alikuwa nayo kanuni mikononi, mimi nilikuwa nayo kwenye daftari, na baina yetu hapakuwa na kitabu hata kimoja cha kutukutanisha.

Haya, mtaniambia huo ni mfano mmoja. Nawapa wa pili. Siku moja ililetwa Land Rover 109, babu wa magari. Fundi akatoa sumaku mfukoni, akaiweka kwenye madigadi. Ikaanguka. Bati la Land Rover zile ni la alumini. Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao na alumini ilikuwa inapatikana. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660 na haikuonyi kwa kubadilika rangi ikawa nyekundu kama chuma. Unaichemsha, imetulia, imetulia, mara imedondoka chini kama uji. Kwa hiyo unafanyaje kuilainisha? Fundi alichukua kipande cha sabuni ya mawese, hii hii ya Kigoma, akapaka bati, akapitisha moto kwa mbali. Sabuni ilipogeuka rangi ya kahawia iliyokolea, akaondoa moto. Sabuni ndiyo kipimajoto. Bati lilipopoa lilikuwa limelegea, likafuata nyundo kama mtoto mtiifu. Mafundi wa nchi nyingine nao wana njia hiyo. Lakini nani ameiandika kwa Kiswahili mahali ambapo kijana wa Mwanga au Ujiji ataisoma?

Tunapenda kusema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Tunaisema kwenye insha, tunapata alama, tunasonga mbele. Hakuna anayeuliza: vimeundwa na nani?

Tuulize basi, na tuulizie hapa hapa Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli ya kati, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, baada ya kuipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikakarabatiwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Majina ya Wajerumani watatu waliotumwa na kiwanda yanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Yameandikwa, yanatajwa kila historia hiyo inaposimuliwa. Na wale wenyeji waliobeba mabamba yale, walioshika ribiti za moto, waliosugua kutu ya miaka minane chini ya maji? Wao wanaitwa vibarua. Wingi, bila majina. Meli nzima imepita mikononi mwa watu, watu wakapotea, chuma kikabaki.

Mtasema huo ulikuwa ukoloni. Sawa. Twendeni Kagera. Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri yao tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Biashara ya majembe na vyuma vya kuletwa kutoka Ulaya ikaiua kazi hiyo, matanuri yakapoa, mpaka wakabaki wazee wachache tu waliokumbuka. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee hao wajenge tanuri upya na kuyeyusha, naye akaandika na kupima. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science: kwamba wazee wale walikuwa wakiingiza hewa iliyokwisha pashwa moto ndani ya tanuri, na kupata joto ambalo wengi hawakudhani Afrika ililijua. Simlaumu Schmidt. Namshukuru, maana alikwenda, akaketi, akauliza. Nauliza tu: sisi tulikuwa wapi? Wafipa nao, wa upande huu huu wa ziwa, walikuwa na matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu urefu. Malungu hayo yanasomwa zaidi ughaibuni kuliko Sumbawanga. Mjukuu wa mhunzi akitaka kujua babu yake alifanya nini, akajifunze kwanza Kiingereza.

Na historia hii haijakoma. Inajirudia leo pale Kibirizi. Fundi wangu akifa, Mungu amweke, sabuni inakufa naye. Kilima na bonde vinakufa naye. Miaka hamsini ijayo atakuja mgeni mwenye tepu, aulize vikongwe magari yalinyooshwaje.

Nasikia sauti zinanizomea. Acheni nizijibu moja moja.

Ya kwanza inasema: "Wewe unaipamba gereji. Watoto wananyonywa kule." Kweli. Nimeona. Kuna saidia fundi anayefagia, kuchota maji na kutumwa sigara mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kushika nyundo. Analipwa ugali, na siku nyingine halipwi hata huo. Anapigwa. Lakini tazameni dharau inavyomfanyia kazi mnyonyaji. Kama gereji ni mahali pa waliofeli, basi mtoto aliyepelekwa kule hana haki ya kudai afundishwe nini na kwa muda gani. Amekuja kuadhibiwa, ataidai nini? Tukikubali kwamba pale ni shule, hapo ndipo tutauliza maswali ya shule: mwezi wa kwanza anajifunza nini, wa sita anajua nini, lini anaitwa fundi, lini anaanza kulipwa.

Ya pili inasema: "Mafundi wenyewe wachoyo. Wanageuza mgongo wakifika penye siri." Hili nalo ni kweli, na kwa wengine ujuzi ndio akiba pekee waliyonayo. Akikufundisha yote leo, kesho umefungua gereji mkabala naye. Lakini uchoyo huo unaua. Nitoe ushahidi. Kuna kijana tuliyekuwa naye, alikuwa akiziba matundu ya kutu kwa viraka vya bati la paa, maana ni rahisi kupatikana. Bati la paa limepakwa zinki. Ukilichomelea bila kukwangua zinki, linatoa moshi mweupe mzito, na saa chache baadaye mwili unashikwa na baridi, homa, kichefuchefu, mdomo una ladha ya chuma. Kwa kawaida inapita kwa siku moja au mbili. Lakini hapa kwetu homa na baridi ya usiku ni nini? Malaria, bila kuuliza. Kijana anameza dawa za malaria, homa inaondoka yenyewe, anarudi kazini kuvuta moshi ule ule. Wenzake wanamshauri anywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayazuii moshi kuingia mapafuni. Kinachozuia ni kukwangua zinki mpaka chuma kionekane, kuchomelea penye upepo, na kukaa upande ambao upepo unatokea. Sentensi mbili tu. Zingekuwa zimebandikwa ukutani kwa Kiswahili, kijana yule angelala usingizi wake.

Ya tatu ni sauti ya watu wa ofisini: "Hayo yote yameshughulikiwa. Kuna SIDO toka 1973, kuna VETA kwa sheria ya 1994, na sasa kuna mkondo wa amali katika sekondari." Navijua vyote na sivibezi. Tena VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani, kwa kazi yake, na kumpa cheti. Ni utaratibu wa maana kabisa. Fundi wangu hakuwa ameusikia mpaka siku niliyomsomea mimi. Wakati huo alikuwa amekwisha poteza kazi ya ofisi moja, ambayo siitaji, iliyotaka magari yake yanyooshwe bodi. Walimuuliza cheti. Hakuna aliyemuuliza aonyeshe madigadi. Kazi wakapewa wenye karatasi, na wenye karatasi wakayaleta magari yale yale Kibirizi, jioni, kwake, kwa bei ya chini sana kuliko waliyolipwa wao. Aliyanyoosha. Angefanyaje, na watoto wanataka ada? Kwa hiyo mkondo wa amali uje, nasi tuushangilie. Lakini kama utaanza kwa kudhani kwamba amali imezaliwa darasani mwaka 2024, na kwamba wa mtaani hawana cha kufundisha, basi tutakuwa tumejenga shule ya kuogelea ukutani mwa ziwa bila kuwauliza wavuvi.

Wenzetu wa Kenya walipata angalau jina. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifua vyuma juani, waliitwa jua kali. Jina la mtaani likapanda ngazi mpaka likaingia katika waraka wa sera ya serikali mwaka 1992. Jina si mkate, najua. Lakini kitu chenye jina hudaiwa. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaofua masufuria na majiko, nani kati yetu amewaandikia hata ukurasa?

Narudi kwenu, waandishi wenzangu. Sote tunalalamika kwamba hatuna cha kuandika ila mapenzi, Ukimwi na ufisadi, na kwamba Kiswahili "hakina maneno" ya mambo ya kisasa. Hakina maneno? Nendeni gereji yoyote mkasikilize. Kukomaa kwa bati. Kulegea. Kujikusanya. Kilima na bonde. Kusoma ajali. Maneno hayo yapo, yana miguu, yanatembea. Ninyi ndio mmekaa. Mnasubiri kamati iwatungie istilahi, wakati zimelala zimejaa oili chini ya mwembe.

Na tafadhali, msiende kule kama watalii wa huzuni, kwenda kuchukua "maisha ya mtu wa chini" kwa mchana mmoja, mkaja kutuandikia jasho linavyometa. Jasho tumelisoma vya kutosha. Nendeni mshike nyundo, vidole vipondeke kidogo. Ulizeni "kwa nini" mpaka fundi akasirike, halafu ulizeni tena kesho. Andikeni kazi inavyofanyika, hatua kwa hatua, kwa maneno ya mwenyewe, na mkimaliza mkamsomee, awakosoe. Akikubali, liwekeni jina lake pale juu, kubwa, palipo jina lenu. Akikataa, heshimuni. Mimi wangu alikataa, ndiyo maana hamjalisoma hapa.

Kwa mhariri wa gazeti letu hili nina ombi, na nalitoa hadharani ili asilikwepe. Tupunguze shairi moja la "Ewe mpenzi" kila toleo. Moja tu. Ukurasa huo wapewe wenye mikono: leo mnyoosha bodi, kesho mtengeneza maboti wa Kibirizi, keshokutwa mama anayejua dagaa amekauka kwa kumsikia anavyolia kiganjani. Waandishi tuwe makarani wao. Si kazi ya aibu. Kalamu nayo ni chombo, na chombo kisichoshika kitu kinaota kutu.

Na wewe unayeandika sasa hivi ile hadithi ya kijana aliyefeli akapelekwa gereji, simama hapo hapo ukurasa wa tatu. Kabla hujampa bangi, mpe nyundo, kisha tuonyeshe anavyoishika. Kama huwezi, basi aliyefeli si yeye.